Supa gluu ya modeli: ipi ununue na uihifadhi vipi isigande chupani

Wadau, maswali ni yaleyale kila siku. "Ninunue supa gluu gani?" "Mbona nimefungua juzi tu leo imekuwa jiwe?" "Mbona kioo cha ndege yangu kimefanya ukungu mweupe?" Nimeona niandike yote sehemu moja ili anayeanza asome hapa, alafu aende dukani akiwa anajua anatafuta nini. Naongea na wanaojenga modeli za plastiki, za rezini (plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu), ndege za balsa (ile mbao nyepesi sana), majahazi ya mbao, na wale wanafunzi wa usanifu majengo wanaokesha na maketi zao, tatizo lenu nyote ni moja.

Kuna kitu kimoja ukikishika, mengine yote yanakuja yenyewe. Supa gluu haikauki kwa kupigwa na hewa kama gundi nyeupe ya mbao, inaganda kwa unyevu. Ule unyevu mdogo sana ambao hata huuoni, uliokaa juu ya plastiki au chuma, ndo unaoiamsha ikageuka plastiki ngumu ndani ya sekunde chache. Sasa unyevu uleule unaokusaidia mezani ndo unaoua chupa kabatini, na kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar basi hewa yenyewe imebeba maji karibu mwaka mzima, yani chupa ikiachwa wazi wakati unaongea na simu tayari imeshaanza kuumia. Ukisikia mtu anasema supa gluu za siku hizi ni feki, mara nyingi gundi ilikuwa nzima kabisa, aliyeiua ni yeye kwa kuiweka vibaya.

Nadharia inaishia hapo. Niongeze tu kwamba jina lake la kikemia ni sianoakrileti, ukiliona hilo neno kwenye lebo ujue ndo yenyewe hata kama brandi huijui. Mmarekani Harry Coover aliiona mwaka 1942 akiwa kwenye kazi ya kutafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, ikatupwa kwasababu inanata kila mahali, ikaja kugunduliwa upya mwaka 1951 akiwa Eastman Kodak na ikaingia sokoni 1958. Kunata kila mahali ndo sifa tunayoilipia leo.

KABLA HUJAANZA, ANDAA HIVI

- Supa gluu nyepesi moja na ya kati moja, za ujazo mdogo
- Kopo la kioo lenye kifuniko cha kukaza, la jamu au la siagi ya karanga, lioshwe na likauke kabisa kabisa
- Vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye boksi la viatu au begi jipya, usivitupe tena
- Vijiti vya meno na sindano moja ya kushonea
- Kifuniko cha plastiki cha kopo lolote, cha kudondoshea gundi
- Msasa laini, namba 400 na 600
- Asitoni kidogo (dawa ya kutolea rangi ya kucha inafaa ila soma lebo, zipo zisizo na asitoni na hizo hazitakusaidia)
- Maji ya vuguvugu na sabuni, viwe karibu na sio chumba cha pili
- Maka peni
- Miwani ya kukinga macho. Glavu ukitaka vaa za nitraili, ZA PAMBA HAPANA, sababu nitaeleza

HATUA KWA HATUA

1. Jua kwanza unaunganisha nini na nini.

Hapa ndo wengi wanaruka. Kama unajenga seti ya plastiki ya kawaida, mfano ndege ya kivita ya Spitfire ya kipimo cha 1/72, plastiki yake ni polistairini na kwa viungo vikubwa vya mwili na mabawa supa gluu sio chaguo la kwanza. Tumia gundi ya plastiki inayoyeyusha, kama ile nyepesi ya brandi ya Tamiya, maana inayeyusha pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja na unapata muda wa kurekebisha. Supa gluu inaingia pale unapochanganya vitu: rezini na plastiki, chuma na plastiki, vile vipande vyembamba vya shaba vya mikanda na antena, waya, uzi, mbao ya balsa.

Vipo vitu haitashika hata uombe: polithini, polipropilini, tefloni, silikoni. Wale askari wadogo wa plastiki laini inayopinda wengi wametengenezwa kwa polithini, mtu anapoteza tyubu nzima kumgundisha askari mmoja kwenye kibao alafu anaanguka ukimgusa. Na lile foamu jeupe linalokuja na TV mpya, supa gluu ya kawaida inalila linabaki shimo. Kwa foamu tafuta ile iliyoandikwa ni salama kwa foamu, vinginevyo gundi nyeupe inatosha.

2. Chagua uzito wa gundi kulingana na mwanya.

Nyepesi inatiririka yenyewe kwenye ufa. Hii unaunganisha vipande vikavu kwanza, unavishika vimekaa sawa, alafu unagusisha tone kwenye mstari wa maungio na inaingia peke yake. Nzuri kwa balsa, kwa nyufa, na kwa kukaza mafundo ya kamba za jahazi. Haizibi mwanya hata kidogo, kama vipande havigusani usihangaike nayo.

Ya kati inatembea kama asali na inakupa sekunde kadhaa za kusogeza kipande. Kwa maoni yangu mtu anayeanza akiwa na hii moja tu tayari anafanya robo tatu ya kazi zote.

Nzito na jeli zinakaa pale ulipoziweka, hazidondoki hata ukigeuza kazi. Zinafaa kwa mianya mikubwa na vipande vizito vya rezini, ila zinachelewa na ukiweka nyingi katikati inabaki mbichi muda mrefu.

Ipo pia ya harufu ndogo, ni ghali kidogo, lakini haitoi ule ukungu mweupe na aina nyingi haziyeyushi foamu. Kama unafanya ndege zenye vioo vingi hela hiyo sio ya kupotea.

3. Ikague dukani kabla hujalipa.

Chupa ya plastiki iinamishe taratibu uangalie, gundi nzima inatembea haraka na iko angavu. Ikitembea kwa uvivu au ina rangi ya njano iliyokolea, rudisha. Tyubu ya bati huwezi kuona ndani, basi ibonyeze kidogo kwa vidole, inatakiwa iwe laini kote, ukisikia kigumu mahali imeshaanza kuganda. Angalia tarehe kama ipo. Ambayo haijafunguliwa huwa inakaa karibu mwaka mmoja kwenye joto la kawaida la chumba, na joto la kawaida kwa wanaoandika hizo lebo sio joto la Kariakoo mwezi wa pili.

Kwahiyo usichukue iliyoning'inizwa juani mbele ya duka au kwenye meza ya barabarani. Mwambie muuzaji kwa adabu tu, "naomba ya ndani, kwenye boksi", wala hakatai.

4. Nunua ndogo.

Najua chupa kubwa inaonekana ndo nafuu ukipiga hesabu ya gramu. Sio nafuu kama nusu yake inagandia ndani. Ukishafungua, saa imeanza kuhesabu, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya yenye unyevu mpya. Kwa mtu anayejenga wikiendi peke yake zile kadi zenye tyubu ndogo za gramu 3 zina akili kuliko chupa ya gramu 50, unafungua moja na zingine zinabaki zimezibwa. Na bati linazuia unyevu vizuri kuliko plastiki, plastiki inapitisha kidogo kidogo hata ikiwa imefungwa.

5. Fungua vizuri.

Andika tarehe ya kufungua kwa maka peni. Simamisha chupa wima, igonge kidogo mezani ili gundi yote ishuke, alafu kata ncha ya mdomo kwa wembe, kata KIDOGO sana, unaweza kuongeza baadae ila huwezi kurudisha. Usiibane chupa wakati unakata na uso wako usiwe juu yake. Tyubu za bati toboa kwa ule mwiba wa kwenye kifuniko chake, ukiwa umeelekeza mdomo mbali na macho.

6. Andaa vipande.

Rezini ioshe kwa maji na sabuni kwanza, huwa ina mafuta ya kutolea kwenye kalibu na gundi haipendi mafuta. Acha ikauke. Chuma na shaba pitisha msasa kidogo, futa kwa asitoni, na ukishafuta usiguse tena kwa vidole. Jaribu vipande vikavu bila gundi mpaka ujue mkono wako utakaa wapi, maana gundi ikishagusa hakuna cha "ngoja nisogeze".

7. Weka gundi, kidogo.

Usimiminie kutoka chupani moja kwa moja kwenye modeli. Dondosha tone kwenye kile kifuniko cha plastiki alafu chota kwa kijiti cha meno. Kwa kazi ndogo sana kata jicho la sindano katikati kwa koleo ili libaki na uma wa meno mawili, choma ule upande mwingine kwenye kijiti uwe mpini, hiyo inabeba tone dogo unaloweza kulipeleka mpaka kwenye antena. Ikijaa gundi kavu, ichovye kwenye asitoni.

Gundi nyingi haiongezi nguvu, inapunguza. Hii gundi inashika vizuri ikiwa nyembamba sana kati ya nyuso mbili zilizokaribiana. Weka, bana, hesabu mpaka thelathini bila kutikisa, alafu iache. Kushika kwa sekunde haimaanishi imekomaa, nguvu yake kamili inachukua masaa mpaka siku nzima, kwahiyo usiweke mzigo saa hiyohiyo.

Kama una mwanya wa kuziba, nyunyizia bekingi soda kidogo kwenye mwanya alafu gusisha gundi nyepesi, inaganda papo hapo na kuwa ngumu ya kupiga msasa. Bekingi soda, sio hamira, wala magadi. Na piga msasa mapema, ndani ya saa moja hivi, ukiacha mpaka kesho sehemu hiyo inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka na msasa utakula plastiki badala ya gundi.

8. Funga kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Ukishachota, simamisha chupa wima, gonga kitako chake mezani mara mbili ili gundi iliyobaki mdomoni irudi chini, ibonye kidogo sana itoe pumzi, futa ncha mara moja kwa karatasi kavu, funga. Mdomo ukibaki na gundi ndani ndo unaziba, na kifuniko kikigandia utakivunja siku nyingine. Kifuniko kikichafuka kisafishe kwa asitoni na kikauke kabla ya kurudisha. Usisokote pini mdomoni kama kizibo, ukiichomoa ikiwa imegandia inaweza kupasua mdomo mzima.

9. Hifadhi.

Hapa naomba usome taratibu, ndo sababu ya maandishi yote haya.

Iliyofunguliwa: weka wima ndani ya lile kopo la kioo pamoja na vipakiti vya silika jeli, kaza kifuniko, weka kabatini mahali penye giza na ubaridi wa kawaida, mbali na jiko na dirisha. Wima, sio kulala, ikilala inakaa mdomoni na kuzibia hapo. Ukiiweka hivi hata Pwani inaweza kukaa miezi kadhaa. Silika jeli nazo zinachoka, zikishajaa maji hazifanyi kazi. Zile za punje zinazobadilika rangi zinakuonyesha zenyewe zimechoka, unazipasha kwenye oveni moto mdogo, kama nyuzi 110 hivi, masaa mawili na zinarudi. Vile vipakiti vya karatasi badilisha tu, hasa masika yakianza.

Ambayo haijafunguliwa: friji, au friza kama ipo. Baridi inapunguza kasi ya kuharibika na inaongeza maisha sana. Ifunge ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Siku ya kuitumia itoe na uiache IMEFUNGWA mpaka ifike joto la chumba, lisaa limoja au mawili. Ukiifungua ikiwa ya baridi, hewa ya moto inagusa chupa na kufanya matone ya maji palepale mdomoni, umeilisha sumu kwa mkono wako. Kwa sababu hiyohiyo sishauri iliyofunguliwa iwe inaingia na kutoka kwenye friji kila jioni.

Na kwenye friji hakikisha haikai karibu na dawa za macho. Silegezi hili. Chupa zinafanana sana, na watu wameshajidondoshea supa gluu machoni wakidhani ni dawa, kwenye nchi nyingi tu. Kopo lake liandike kwa herufi kubwa GUNDI, liweke mbali na dawa na chakula, watoto wasilifikie.

Kama una ile spreya ya kuharakisha kuganda, isikae kopo moja na gundi, wala droo moja. Mvuke wake tu unatosha kuigandisha gundi ndani ya chupa. Na kwa anayeanza sioni haja ya kuinunua, ikizidi inafanya kiungo kiwe cheupe na kuvunjika kirahisi.

MAKOSA YA HATARI

Pamba. Supa gluu ikimwagika kwenye kitambaa cha pamba, sufu au ngozi ya mnyama inaganda kwa kasi na kutoa joto kali, inaweza kutoa moshi na kukuunguza. Ndo maana glavu za pamba hapana, na ikikumwagikia kwenye suruali usiikandamize kwa mkono, vuta nguo mbali na mwili na mwagia maji mengi. Uzi wa pamba kwenye jahazi hauna shida kwa kitone kimoja kimoja, shida ni kumwaga.

Vidole vikigandiana usivute. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, viringisha taratibu kama unamenya, asitoni kidogo inasaidia kama ngozi haina kidonda.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi ya vuguvugu kwa muda mrefu, dakika kumi na tano, USITIE ASITONI, usilazimishe kope kufunguka, nenda hospitali.

Fanya kazi dirisha likiwa wazi. Mvuke wake unachoma macho na pua, na wenye pumu wawe makini zaidi.

IKIKUSUMBUA

Imeweka ukungu mweupe kwenye plastiki au kioo. Ni mvuke wa gundi umetua juu na kugandia hapo. Umetumia nyingi, au umefungia kazi kwenye boksi kabla haijakomaa, au hewa ina unyevu mwingi. Sehemu itakayopigwa rangi usijali, pitisha msasa laini. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao tangu mwanzo, ikikauka inakuwa angavu na haina mvuke huo.

Haigandi kabisa. Angalia kama umeweka nyingi, au kuna mafuta. Kama uko chumba chenye AC kali hewa ni kavu mno, pumulia kipande mara moja kama unavyofuta miwani alafu unganisha. Mbao nazo nyingi zina asidi inayochelewesha, subiri tu.

Imegandia sehemu isiyotakiwa. Kwenye chuma, asitoni. Kwenye plastiki asitoni itakula modeli yenyewe, kwahiyo weka modeli kwenye friza usiku mzima, kiungo kinakuwa dhaifu kwa baridi na mara nyingi kinaachia kwa kukigonga au kukikunja kidogo.

Kiungo kinashika ila kikianguka kinavunjika. Hiyo ni tabia yake, ina nguvu ukivuta moja kwa moja ila haipendi kugongwa wala kupindwa. Sehemu inayobeba uzito, kama mguu wa ndege au mlingoti, toboa tundu dogo pande zote mbili, pitisha kipande cha waya ndani ndo ugundishe, au tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili.

Mdomo umeziba lakini ndani bado ni maji. Kata milimita moja ya ncha. Ikiwa imeziba mpaka chini, badilisha mdomo kama chupa ina wa kufungua, na ule wa zamani uloweke kwenye asitoni usiku kucha.

Imekuwa nzito na inavuta nyuzi. Imeshaanza kuganda yote na hakuna cha kuirudisha, usiongeze asitoni wala petroli wala tina. Jaribu tone moja kwenye kipande cha plastiki cha kutupa: ikiganda ndani ya dakika moja itumie kujazia mianya isiyobeba uzito, ikibaki inavutika tupa, fungua nyingine, na andika tarehe.